Moto wa Kukangia Matari

Ole, Pemba
Machi 4, 1989

Mwanangu Hamad,

Assalaam aleikum. Barua yako ya kwanza kutoka Jidda imefika, na kabla sijaitia mkononi nusu ya Ole walikwisha kuniuliza imesema nini. Karani wa posta alimwambia mwenye gari, mwenye gari akamwambia Jaribu, na Jaribu unamjua, mdomo wake una mbio kuliko miguu. Ndiyo maana nilimweka golini.

Sikuifungua. Niliilaza kwenye shubaka mpaka Alkhamisi, na baada ya sala ya alasiri nikaichana uwanjani mbele ya watu, kama desturi yetu. Barua ya aliyekwenda kutafuta elimu si ya mtu mmoja. Ndivyo wazee wetu walivyosomewa barua za waliokwenda Lamu na Makka: inachanwa hadharani, inasomwa tangu bismillahi mpaka jina la mwandishi, na msomaji haruki neno. Uliposema kule mnakula wali kwenye sinia moja watu wanane, mama yako alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Uliposema baridi ya asubuhi inakuliza, watoto wa timu walikucheka vibaya.

Mazoezi yanaendelea vilevile. Vijana wanazunguka uwanja, mimi nimekaa na dufu langu. Dufu likiingia, pumzi inaingia. Matari yakijibu, pumzi inatoka. Asiyesali alasiri hagusi mpira. Anayemtukana refa hapigi tari Alkhamisi, na hiyo wanaiogopa kuliko bakora. Magharibi ikikaribia tunawasha makumbi ya nazi, tunayakanga matari mpaka ngozi zikaze, halafu tunaanza kumsifu Mtume. Mbaruk na Jaribu wangali wanakaa ubavu kwa ubavu. Babake Mbaruk alinyang'anywa shamba baada ya Mapinduzi, babake Jaribu akapewa eka tatu za shamba lilelile, na wazee hao mpaka wanaingia kaburini hawakupeana salamu. Watoto wao wanapokezana tari moja. Mimi sina kingine nilichofanya duniani, Hamad, lakini hicho nimekifanya.

Watu wa Tumbe wanakusalimu. Mpaka leo wanasema wewe ndiye mchezaji wao bora waliyepata kuwa naye. Nami naukumbuka ule mpira ulioushika kwenye mstari wa goli, refa hajaona, uwanja mzima haujaona, nikakutazama tu. Ukanyoosha mkono ukasema, "Nimeushika." Tukapigwa penalti, kombe likaenda kwao. Nililia njia nzima, lakini nililia huku nimeshiba.

Soma, mwanangu. Na pumzi usiisahau.

Mwalimu wako,
Ngwali Silima


Jidda
Aprili 25, 1989

Kwa Maalim wangu Ngwali,

Waaleikum salaam warahmatullah. Shikamoo, na shikamoo Bi Mwanawema wa nyumbani kwako, na mama yangu mpe salamu za peke yake. Tumo katika siku za Ramadhani na naandika kwa njaa ya alasiri, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Nina habari ya kuwafurahisha hapo uwanjani. Chuo chetu kilifanya mashindano ya kusoma Qur'ani, wageni wa nchi nyingi, na mimi nilishika nafasi ya kwanza. Shehe wetu, mzee mwenye sauti ndogo ambaye hasifu mtu, aliniita mbele akaniuliza, "Pumzi hii umeipata kwa nani? Unasoma aya ndefu kama mtu anayetembea, hupaparikii mwisho." Nikamwambia nilifundishwa na kocha wangu wa mpira kisiwani kwetu, kwa kukimbia. Wote walicheka, yeye hakucheka. Akasema, "Mwombee dua kocha wako."

Chumbani tunakaa wanne. Wenzangu ni vijana wenye bidii, wanalala kidogo na kusoma sana, na katika dini hawana mzaha. Wananirekebisha mengi. Wakati mwingine naona haya kwamba nilikuwa sijui mambo ambayo wao wameyajua tangu utotoni. Nawasikiliza.

Mwambieni Jaribu asitoke golini ovyo. Mwambieni Mbaruk mguu wa kushoto si wa kusimamia tu.

Mwanafunzi wako,
Hamad


Ole, Pemba
Juni 10, 1989

Mwanangu Hamad,

Barua yako nimeisoma mara mbili uwanjani kwa kuombwa. Nilipofika pale pa nafasi ya kwanza Jaribu alirusha kofia yake ikanasa mkarafuuni, na haijashuka mpaka leo. Mama yako alipika mkate wa kumimina, akawapa watoto wote waliokuwapo na wengine ambao hawakuwapo.

Mimi nimeona kitu kimoja, lakini mimi mzee, huenda ni macho. Umemwambia shehe wako kwamba ulifundishwa kwa kukimbia. Dufu hukulitaja. Labda wino ulikuwa unakwisha.

Sasa sikiliza, nina haja nawe. Kuna vijana wamerudi kutoka mjini, wana ndevu nzuri na adabu zao si mbaya. Wanasali kwetu. Lakini wanasema matari ni haramu, maulidi ni uzushi, na kwamba mimi nawapoteza watoto wa watu. Mmoja aliniambia, kwa upole, "Maalim, weye wawapeleka motoni kwa ngoma." Nikamjibu, "Mie elimu yangu ya kibao na wino wa masizi. Lakini n'na mwanangu kule kwenye elimu yenyewe. N'tamuuliza." Wakasema wameridhika, watasubiri.

Basi nakuuliza, Hamad. Uliza wakubwa wa huko, uniandikie unachokijua. Usinihurumie. Kama mkono umegusa, sema umegusa. Hivyo ndivyo nilivyokulea. Nimewaambia wote, wazee kwa vijana, kwamba barua ya Hamad ikifika itasomwa Alkhamisi, na atakalosema ndilo tutakalofuata. Mfungo Sita hauko mbali, nami nataka tuingie kwenye maulidi ya mwaka huu tukiwa hatuna kinyongo wala shaka.

Bi Mwanawema anasema nimekupa mzigo mzito. Nimemwambia beki hatafutiwi mizigo myepesi.

Mwalimu wako,
Ngwali Silima


Jidda
Agosti 2, 1989

Kwa Maalim Ngwali Silima,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Umeniuliza na kujibu ni wajibu. Wewe ndiye uliyenifundisha kunyoosha mkono mbele ya refa hata kama kombe litapotea, kwa hiyo najua hutakasirika.

Matari hayafai. Maulidi kama tunavyoyasoma sisi hayakufanywa na Mtume wala maswahaba wake, na kila kilichozushwa katika dini ni upotevu. Kuchanganya ibada na ngoma ni kuifanyia dini mzaha. Kuwazoesha watoto kwamba wanakwenda msikitini ili wapate kugusa mpira, na wanamsifu Mtume ili wapate kupiga tari, ni kuwafundisha kumwabudu Mola kwa tamaa ya mchezo. Mtu anayefanya hivyo hubeba dhambi yake na dhambi za wale wote waliomfuata, wala zao wenyewe hazipungui.

Sisemi kwamba ulikusudia ubaya. Hukujua. Lakini kutojua kuna mwisho, na sasa umekwisha kujua. Nakunasihi kwa mapenzi yote niliyonayo kwako uyaache mambo haya kabla mauti hayajakufika, utubu, na uwatangazie uliowafundisha kwamba yalikuwa makosa.

Ukweli unauma, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuusema.

Wasalaam,
Hamad

Naongeza neno moja: barua hii ni yako peke yako, Maalim. Tafadhali usiisome mbele ya watu.


Jidda
Septemba 3, 1989

Kwa Maalim wangu mpenzi,

Kama barua yangu ya Agosti haijakufika, nakuomba usiifungue. Itie jikoni. Kama imefika na bado imo ndani ya bahasha, nakuomba vivyo hivyo. Kabla sijasema chochote naanza na hilo, na safari hii nimeliweka juu.

Jana shehe wetu alituuliza darasani kama kuna aliyewahi kutoa fatwa. Wenzangu wa chumbani wakanitaja kwa kunisifu, wakasema nimemwandikia mwalimu wangu nikamkataza matari. Shehe akanifanya nikae baada ya darasa. Akaniuliza nimesoma vitabu vingapi juu ya jambo hilo. Nikasema hata kimoja. Akaniuliza nilimuuliza nani. Nikasema wenzangu. Akaniambia, "Mimi mwenyewe kwangu hayapigwi, na sioni vizuri yapigwe. Lakini wanazuoni wamekhitilafiana, na waliotofautiana nami ni watu ambao sistahili kuwabebea viatu. Wewe umeandika kana kwamba wote wana mdomo mmoja, na mdomo huo ni wako. Tena umemwandikia nani?"

Hapo ndipo nilipomwambia ukweli ambao na wewe nilikuficha. Wenzangu waliponiuliza mwanzoni ulitufundisha kwa kitu gani, nilisema filimbi. Niliona haya kutaja dufu. Barua ile sikuiandika kwa elimu, Maalim, niliiandika kwa haya. Nilitaka wale watatu wasinione mshamba, na nikakutoa wewe ili mimi nisimame.

Nilipokwisha kuitia sandukuni siku ile nilikumbuka jinsi unavyofungua barua. Nilijiambia utatazama chini kwanza. Najua hutazami chini kwanza. Hujapata kutazama chini kwanza hata siku moja.

Piga dufu lako, Maalim. Niandikie haraka, hata neno moja.

Mwanao,
Hamad


Ole, Pemba
Septemba 9, 1989

Mwanangu Hamad,

Naandika mwenyewe, mie Mwanawema, kwa kisomo changu cha watu wazima, kwa hiyo herufi zitakuwa kubwa na maneno machache. Maalim hajui kama nakuandikia.

Barua yako ilifika wiki hii. Aliilaza shubakani mpaka juzi Alkhamisi, na kila aliyepita mlangoni alionyeshwa bahasha. Alasiri uwanja ulijaa. Walikuja wazee, walikuja wale vijana wa mjini, wakapewa mkeka wa mbele kwa heshima. Mama yako alikuja na kanga mpya. Makumbi yalikuwa yamekwisha kushika moto na watoto wameanza kuyapanga matari pembeni.

Maalim akachana bahasha. Akasoma bismillahi, akasoma salamu. Alipofika pa "matari hayafai" nilidhani anatania, maana unamjua. Kisha nikaiona sura yake. Jaribu akasimama, akasema, "Maalim, acha, basi." Akamwambia, "Kaa. Barua haikatwi." Akaendelea. Pale uliposema anabeba dhambi za watoto alipasoma kwa sauti ileile anayosomea majina ya wachezaji. Mama yako aliinuka akaenda zake. Yeye aliendelea mpaka jina lako, kisha akasoma na neno lile uliloongeza chini, kwamba asisome mbele ya watu. Nalo alilisoma kwa sauti. Hata wale vijana wa mjini walikuwa wameinamisha vichwa. Yule aliyembishia alinong'ona, "Siye hatukutaka hivi, Maalim."

Akaikunja barua. Akaenda kwenye yale matari, akayabeba, akasogea nayo motoni. Hapana aliyemzuia, Hamad, kwa sababu kila Alkhamisi tunamwona akienda nayo motoni. Tulidhani anayakanga. Mie mkewe nilisimama nikadhani, labda ameamua ayapige hivyohivyo, na moyo wangu ulifurahi. Alipolilaza dufu lake juu ya mengine na kurudi nyuma ndipo tulipojua. Ngozi zilikuwa zinalia zikikaza, kisha zikapasuka moja baada ya moja. Mbaruk alitia mkono motoni akatoa tari moja, Maalim akamnyang'anya, akalirudisha. Mkono wa Mbaruk umeungua.

Ulimuuliza mwalimu wako au ulimhukumu? Mie sijui dini ya vitabu. Najua kwamba tangu juzi hajala kitu cha moto.

Mwanawema


Ole, Pemba
Oktoba 20, 1989

Kwa Hamad,

Barua yako ya Septemba imefika. Sikuisoma mbele ya watu kwa sababu hakuna watu. Uwanjani siku hizi kuna mbuzi wa jirani.

Umeandika kwamba nipige dufu langu. Sina dufu. Lakini hata ningekuwa nalo nisingepiga, na nataka unielewe kwa nini, ili usidhani ni hasira. Hasira ilinipata siku moja ikaondoka. Barua yako ya Agosti uliandika baada ya kuulizwa swali la haki, ukanyoosha mkono. Ya Septemba umeandika kwa kunihurumia. Siku ile kule Tumbe ulipokwisha kusema umeushika mpira, ukaniona nalia, hukurudi kwa refa kumwambia hukuushika. Ungerudi, ningekufukuza timu. Sasa wataka nikuamini mara ya pili kwa sababu umeogopa nitalia?

Unasema wanazuoni wamekhitilafiana. Huenda. Lakini mimi sina umri wa kungojea wapatane. Kama wao wana shaka, na wewe uliyesoma una shaka, mimi wa kibao na masizi nitakwenda na nini mbele ya Mola wangu?

Nimefanya ulivyosema. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kwa kila niliyemfundisha, nikamwomba radhi kwa kumpoteza. Wengine wana wajukuu sasa. Mmoja, mvuvi kule Chokocho, alinifukuza kwa machozi, akasema hataki kusikia kwamba kitu kizuri pekee alichofanya ujanani kilikuwa dhambi. Nikamwambia na mimi sikutaka.

Maulidi ya Mfungo Sita yamepita kimya. Nilisikia ya kijiji cha pili kwa mbali, nikaingia ndani nikafunga dirisha. Jaribu na Mbaruk hawakai pamoja tena. Ule mkono ulioungua umekuwa maneno, Mbaruk anasema aliungua huku Jaribu amekaa tu, na maneno yameingia kwenye shamba, na shamba limefufua baba zao. Watoto wadogo nao msikitini siwaoni. Walikuwa wakija kwa ajili ya mpira, ulisema kweli. Nilidhani wakija kwa mpira siku moja watabaki kwa Mungu, kama ulivyobaki wewe. Sasa hawaji kwa chochote.

Kifua kinanibana kidogo, ni baridi ya mvua. Lakini kinachonitesa si kifua. Nikisujudu nasikia dufu. Maisha yangu yote limo humo, sijui pa kulitolea. Namwomba Mola anisamehe na huku kichwani mwangu ninapiga. Kama kuna dua ya kulitoa niandikie. Hiyo tu ndiyo ninayoitaka kwako.

Ngwali Silima


Jidda
Novemba 28, 1989

Maalim wangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Dua ya kulitoa sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Sitakuandikia hoja. Hoja zangu umekwisha kuziona zina thamani gani. Badala yake nakuletea kaseti kwa mkono wa mtu anayerudi Wete. Nimesoma sura fupi za Juzuu Amma, zilezile ulizotusomesha kabla ya mazoezi. Humo hakuna ngoma wala kaswida, ni Qur'ani tupu, kwa hiyo usiogope kusikiliza. Jaribu ana redio kaseti, mwambieni alete.

Nilipokuwa nasoma shehe wetu alikuwa amekaa pembeni. Nilipomaliza akasema, "Sasa naisikia." Nikamuuliza anasikia nini. Akasema, "Ngoma ya mwalimu wako. Imo ndani ya pumzi, na pumzi imebeba aya. Nenda kamwambie hivyo kwa mdomo, usimwandikie." Lakini mimi nakuandikia, maana ruhusa ya kusafiri sitapata mpaka mitihani ya Februari iishe. Nimekwisha kuiomba. Nitakuja moja kwa moja nyumbani kwako kabla ya kwa mama yangu.

Nisubiri, Maalim. Nakuomba unisubiri.

Hamad


Ole, Pemba
Januari 27, 1990

Mwanangu Hamad,

Mwalimu wako amefariki dunia Jumatatu alfajiri. Innalillahi. Tulimzika adhuhuri. Kwa kuwa hukuwapo nakuandikia yote, nawe soma peke yako.

Kifua kilimlaza tangu mwanzo wa Disemba. Nilimpeleka hospitali, wakampa dawa, tukarudi. Hakuwa akilalamika maumivu. Alikuwa ananiuliza tu, "Mwanawema, dhambi ya watoto wote wale, itakuwa juu yangu?" Nikimwambia hapana, ananiambia, "Weye hukusoma." Nikawaita wale vijana wa mjini kwa mdomo wangu mwenyewe, wakaja, wakakaa chini kando ya kitanda chake. Yule mpole alimwambia, "Maalim, mlango wa rehema haufungwi, na sie twakuombea." Akawashukuru. Walipotoka akasema wanamhurumia kama ulivyomhurumia wewe. Ndivyo alivyokuwa, kila wema aliotendewa, aliuona ni huruma na akaukataa.

Kaseti ilifika. Nilimtuma mtu kwa Jaribu, akaja na redio yake, akaiweka kwenye kiti karibu na kichwa. Maalim aliuliza mara mbili kama ni Qur'ani tupu. Jaribu akamwambia, "Tupu, Maalim, n'shasikiliza." Sauti yako ikatoka. Nyumba nzima ilijaa. Alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya moto niliona uso wake umelegea. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, Hamad amemponya.

Kisha nikautazama mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa vinapiga juu ya ubao wa kitanda. Polepole, vile alivyokuwa akiwapigia mlipokuwa mnazunguka uwanja, na wewe humo ndani ya redio pumzi yako inaingia na kutoka sawasawa na vile vidole. Jaribu aliona, akageuza uso ukutani. Mie nikaomba asijue.

Akajua. Akafumbua macho, akautazama mkono wake kama mtu aliyekuta mwizi ndani ya nyumba yake. Akauvuta, akauweka chini ya paja, akaukalia. Akasema, "Zima." Jaribu akazima.

Tangu hapo alikuwa akiukalia kila akiwa macho. Akilala unatoka, unapiga, akizinduka anaurudisha na kuomba msamaha. Siku za mwisho hakuwa na nguvu ya kuukalia. Akaniambia, "Mwanawema, nishikie. Usiuache upige. Nisije nikafa nao ukipiga." Nikamshika. Mwanangu, nilitaka kukataa. Nilitaka kuufungulia mkono ule upige ubao mpaka jirani wasikie. Lakini aliniomba kwa macho ya mtoto, na katika miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kuniomba kitu nikamnyima.

Mazikoni walikuja wote aliowafundisha, na yule wa Chokocho alikuja kwa miguu. Nimeambiwa Mbaruk alisimama upande mmoja wa kaburi na Jaribu upande wa pili, hawakutazamana. Kabla hawajatoka nyumbani walitaka kumsindikiza kwa kaswida, wakanitazama mie. Nikawaambia hapana, ndivyo alivyousia. Walikwenda na kurudi kimya. Hitima ilisomwa kimya. Watu wa Tumbe walileta lile kombe, wakaliacha barazani wakaenda zao, na mie sijui nilifanye nini.

Usinijibu kwa barua. Ukija, njoo bila zawadi, nitakupeleka kaburini. Huko utasema mwenyewe ulilotaka kumwambia kwa mdomo.

Mie nitakwambia lililo langu sasa, maana ukija sitaweza. Nilimshika mkono ule kwa mikono yangu miwili tangu isha mpaka alfajiri, nikaubana kama alivyotaka. Haukuacha. Ulikuwa ukipiga ndani ya viganja vyangu, nami nilimdanganya, nikawa namwambia, "Umetulia, Maalim, lala." Uliendelea hivyo hata baada ya pumzi yake kukatika, kidogo, kisha ukanyamaza.

Mwanawema